Yale Simone Alisema Mbele ya Watu

Jumamosi ile, kituo cha pikipiki pale Dilala, mjini Kolwezi, kilikuwa kimejaa mpaka magurudumu yanagusana. Huku mama wa mikate anapiga kelele, kule vijana wa vocha wanakimbilia wateja, na mavumbi mekundu yanamkalia kila mtu bila kuchagua. Katikati ya vurugu hiyo akapita Simone Mbombo: blauzi nyeupe ya pasi, kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea saikolojia, elimu ya tabia na roho za watu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumuuliza maswali.

Akamwona kijana ameinama juu ya motopompe, zile mashine za kunyonya maji katika mashimo ya wachimbaji. Ovaroli yake ilikuwa na mafuta hadi kwenye kola, lakini viatu vilikuwa safi kama vya misa.

"Samahani, monsieur. Dakika kumi tu. Niko na maulizo ju ya utoto yako."

"Utoto yangu?" Kijana akainua kichwa. "Ilikukosea nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Simone hakutingishika.

"Ulikuwa mutoto wa namna gani?"

"Mubaya sana. Nilikuwa naiba ndizi ya jirani. Andika."

"Siandike bupumbavu."

"Basi andika Numbi, na namba ya simu. Ile haiko bupumbavu."

Simone akaiandika. Kalamu iliporudi kwenye nywele, iliingia upande usio wake, na Numbi aliliona hilo.

Ndipo simu zikaanza. Jioni Simone alikaa kwenye ngazi za nyumba yao, moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, simu imebanwa sikioni, na mdogo wake Princesse anamchungulia dirishani.

"Bébé, kitendawili," Numbi akaanza.

"Tega."

"Ninakua naye, jirani anamuona, mi mwenyewe simuone."

"Kisogo!"

"Wapi! Nipatie muji."

"Kamata Kolwezi yote."

"Ni tabia. Weye unasoma ile kila siku, na unashindwa?"

Simone alicheka mpaka akalia. Halafu akamweleza kwamba hata wataalamu wakubwa wanagombana juu ya kitendawili hicho. Mmoja anasema miaka mitano ya kwanza ndiyo inamchoma mtu kama tofali katika tanuru, akitoka amekwisha kuwa. Wa pili anasema mtu ni yale aliyosifiwa na yale aliyopigwa. Wa tatu anasema hapana, mtu anapanda ngazi maisha yote, kila umri na vita yake, na hata mzee anaweza kushinda vita aliyoshindwa akiwa kijana.

"Na weye unaamini nani?"

"Ule wa ngazi. Kabisa."

Kwa sababu ya jibu hilo, Numbi akamfungulia yale ambayo hakumwambia hata padri. Kwamba alianza kushuka shimoni akiwa mtoto, pamoja na kaka yake Gracien. Kwamba siku moja, mvua ilipokwisha, udongo uliwaangukia, akatoka yeye peke yake. Kwamba mpaka leo mvua kubwa ikianza usiku, anatoka nje na kusimama uani, kwa sababu hawezi kukaa chini ya kitu chochote.

Simone alilia pamoja naye. Na machozi yale yalikuwa ya kweli, wanangu, tusimsingizie.

Lakini Profesa Mukalay, aliyemwongoza katika kazi yake ya mwisho, alisoma kurasa zake akakunja uso. "Ile ya ngazi ni nzuri ya kuhubiri. Waamuzi banataka mutu mumoja, na neno moja ya kukata. Uko na mutu?"

Simone alikuwa naye.

Siku ya kuitetea kazi hiyo, ukumbi ulifurika. Kwetu siku hiyo ni kama arusi: mashangazi wamevaa kitenge kimoja, poda imefichwa mikobani tayari kumwagiwa mshindi. Baba yake, Tata Tharcisse, alikaa mbele na tai yake ya enzi za kazi. Nyuma kabisa alikaa Numbi, suti ya kijivu, kitenge kipya cha zawadi mapajani. Simone mwenyewe ndiye aliyemwalika. Alijiambia kwamba jina lisipotajwa, hakuna ubaya.

Akasimama, akasoma kwa sauti nzuri. "Mutu wetu tutamwita Bwana N., fundi wa motopompe hapa Dilala." Akasema shimo. Akasema kaka aliyebaki chini. Akasema mvua na kule kusimama uani. Kisha akakata neno: "Utu wake ulifungwa mule shimoni. Mutu wa namna ile ni mwepesi wa hasira, na kufunga naye ndoa ni hatari."

Hebu niulize! Ni nani aliyemfundisha binadamu kumnywesha mwenzake maji, halafu kutoka barabarani kutangaza jinsi alivyokuwa na kiu? Watu walitikisa vichwa, ee, ee, kama wanaonunua nyama. Waamuzi wakampa distinction, ile alama ya juu. Poda ikaruka, vigelegele vikapigwa. Na katika ule ukungu mweupe Numbi akatoka, kitenge kwapani, hakuna aliyemsindikiza.

Simone alipiga simu siku tatu. Ya nne ikapokelewa.

"Chéri…"

"Chéri njo nani? Bwana N.?"

"Sikutaja jina yako."

"Fundi wa motopompe, Dilala! Ulibakisha tu kupiga filimbi. Simone, Gracien nilikuletea weye. Sikumuleta ku ukumbi."

"Profesa alisema…"

"Profesa njo ananiitaka chéri ku simu?"

"Nisamehe, Numbi."

"Ulinisema mbele ya batu, na pardon unaileta mu simu?"

Simu ikakatika.

Ubaya ukazaa ubaya. Tata Tharcisse, aliyekuwa anajua kidogo habari za kijana fulani, akaunganisha mambo.

"Ule wa motopompe njo yee N.? Asikanyage kwangu, ku lupango yangu."

"Tata, haumujue."

"Nilimujua mu kinywa yako! Miaka yote nimelipa masomo, sasa unataka nikatae yale ulisoma? Tena na distinction?"

 Simone alikuwa amejenga ukuta kwa mikono yake, na baba yake alikuwa anauegemea tu.

Hasira ikampanda Simone, na ilikuwa juu yake mwenyewe. Jumapili baada ya misa alikwenda kituoni na gauni lake la kanisani, akapita katikati ya pikipiki mpaka kwenye motopompe.

"Numbi, kuya kwetu. Sasa. Kuko tata, kuko bashangazi, boote."

"Kufanya nini? Kunionyesha?"

"Kunisikia."

 Numbi akajifuta mikono, akamfuata vilevile na ovaroli yake.

Kwao walikuwa mezani, bukari, ule ugali wetu, inatoa moshi. Kijiko cha Tata Tharcisse kikasimama njiani.

"Simone, nilisema nini?"

"Ulisema, tata. Na mi nilisema uongo." Akawageukia wote mezani. "Yale nilisoma siku ile sikuyaamini. Niliyasema ju nipate points. Niliuza siri ya mutu wangu."

"Basi kitabu ni uongo?" akauliza shangazi Abigaëlle.

"Kitabu kimoja kinasema mutu anakwisha akiwa mutoto. Kingine kinasema hapana. Mi nilichagua kile cha kunifaa." Akamgeukia baba yake. "Tata, uniache niulize. Uliacha kunywa na kumupiga mama ukiwa na miaka ngapi?"

"Simone!" shangazi akaruka. "Banamuulizaka muzazi vile?"

 Mama Tina, mamake Simone, akaweka bakuli la sombe, yaani kisamvu, chini polepole. "Princesse alikuwa ananyonya," akasema, bila kumtazama mtu.

Tata Tharcisse alikuwa na haki ya kukasirika, na mkono wake ulianza kuinuka. Ukarudi mezani.

"Arobaini na mbili," akasema. "Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Na hakuna mutu aliamini."

Kisha akamtazama kijana aliyesimama mlangoni. "Weye, haumuinuliake mutu mukono?"

"Hapana, tata. Niko na hasira, lakini mikono yangu iko na kazi."

Mzee akasukuma sahani. "Kuya Jumamosi na bajomba bako. Namna banafanyaka ju ya kuposa."

Simone akaangua kilio. Numbi hakumkumbatia. Alimtazama kama fundi anavyotazama mashine anayoipenda lakini imemkata kidole.

"Nitakuya," akasema. "Lakini hasira yangu haiyaisha, Simone. Itakuya pamoja na mi. Mutuwekee kiti mbili."

Mama Tina hakungoja Jumamosi. Alijifunga kitenge vizuri, akatoka kwenda kuazima viti kwa majirani.