Picha ya Kasa wa Juani

Nilipokuwa darasa la sita, kila nikitoka shule nilimkuta Bibi Saleha ufuoni, akifukua makumbi ya nazi. Aliyafukia kwenye matope, akayazungushia mawe, yakakaa miezi mpaka yakalainika. Kisha aliyaponda na kusokota kamba. Leo nasoma bweni, na harufu ile ya makumbi, ambayo zamani nilikuwa nikiikimbia, naitamani.

Mwaka huo kampuni moja iliomba kujenga hoteli ufuoni kwetu. Walileta kipeperushi chenye picha ya ufuo, chini yake pameandikwa, "Eneo halitumiki."

Bibi alikitazama kwa muda mrefu. "Shimo langu liko hapa," alisema, akiweka kidole. "Mama alinionesha nikiwa mdogo kuliko wewe, Afrah. Mbona wanasema halitumiki?"

Mwalimu Clotilda, aliyekuja kutufundisha kutoka Bukoba, aliniazima kamera yake. "Simama pale walipopigia picha yao," aliniambia. "Onesha kilichopo."

Wiki mbili nilipiga picha. Maji yalipokupwa, nilipiga kina mama wakitafuta pweza miambani. Nilipiga makaburi ya wazee wetu, minazi, na mashimo ya makumbi, kila moja na mawe yake. Lakini rafiki yangu Azan alipoziona, alikunja uso.

"Hazivutii. Weka ile ya kasa."

Ile ya makinda ya kasa niliipiga kwa kamera hiyo hiyo kisiwani Juani, tulipokwenda ziara ya shule. Nikaichanganya na nyingine. Mwalimu sikumwambia.

Siku ya mkutano wa kijiji wa kujadili ombi la kampuni, picha zilibandikwa ukutani. Afisa ardhi kutoka wilayani alisimama mbele ya ile ya kasa.

"Hawa wanaanguliwa hapa kwenu?"

Watu wote walinigeukia. Bibi naye aliniangalia.

"Hapana, baba. Niliipiga Juani. Nilitaka ufuo wetu uonekane mzuri zaidi."

Mjumbe wa kampuni alitabasamu. "Sasa hizo nyingine tutaziaminije?"

Niliona mabega ya Bibi yakilegea, nikatamani ardhi inimeze. Nikaibandua picha ile.

"Twendeni," nilisema. "Nitawaonesha niliposimama kupiga kila picha."

Tulikwenda, kijiji kizima nyuma yetu. Afisa alilinganisha picha moja baada ya nyingine. Tulipofika mashimoni, Bibi alipiga magoti, akaondoa mawe, akatoa kumbi lililooza na kumkabidhi afisa.

"Hili nimelifukia mwezi wa tatu, mwanangu. Mwakani nitafukia mengine."

Afisa aliandika kwenye daftari lake. Jioni hiyo mkutano ulikataa kutoa ardhi, na baada ya miezi miwili barua ya wilaya ilithibitisha: ufuo unatumiwa na wanakijiji, ombi limekataliwa.

Kesho yake baada ya mkutano nilikwenda na Bibi kwa Mwalimu Clotilda, nikamrudishia kamera huku nimeinamisha kichwa. Nilimwomba radhi.

"Ulidhani ufuo wenu hautoshi," alisema. "Picha zako za kweli zilitosha toka mwanzo. Ile moja ya uongo nusura izizamishe zote. Ukitetea haki, Afrah, usiweke ndani yake kitu ambacho huwezi kwenda kwa miguu yako kukionesha."

Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinishika mkono.

"Ulitutia aibu," alisema taratibu, "kisha ukaiondoa mwenyewe. Twende nyumbani."