Mama Yake Dume Ni Nani?

Kila asubuhi mimi hukamua, na mume wangu Ambrosi husifu. Ndivyo tulivyogawana kazi. Mimi nachuchumaa na ndoo yangu. Yeye anasimama mlangoni mwa zizi na kikombe cha chai, anasifu pembe, anasifu mkia, anasifu rangi. Maziwa hayaongezeki kwa sifa, lakini ukimwambia hasikii.

Tunaishi Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Tunalima mahindi na karanga, na tuna ng'ombe watano. Wawili ni maksai wa kulimia. Watatu ni majike, mama na binti zake wawili, na wote watatu wanaitwa Mkwe. Usicheke. Kwetu ng'ombe hupewa jina la mtu aliyemtoa. Yule mkubwa aliletwa kama mahari ya binti yetu Levina, akaitwa Mkwe. Alipozaa, mtoto naye akawa Mkwe. Ukija kuniambia kwamba Mkwe ameingia shambani, lazima nikuulize Mkwe yupi.

Mwaka juzi Ambrosi aliona kwenye simu ng'ombe wa nyama wanaoitwa Herefodi. Mwili wao ni mwekundu na uso ni mweupe. Wanakua upesi na wana nyama nyingi. Hapo akili yake ikahamia usoni. Akaazima kwa mtu dume mwenye uso mweupe, akampandisha Mkwe mdogo, yule binti wa mwisho. Hakuuliza chochote.

Siku ya kuzaa, ndama alikataa kutoka. Alikuwa mkubwa mno. Tulimvuta kwa kamba mpaka mikono ikachubuka. Alitoka amekufa. Mkwe mdogo alilala chini, hawezi kusimama, na mimi nikawa namnywesha uji wa pumba kama mgonjwa wa hospitali. Nililia, na sioni haya kusema. Alipona, lakini kamba ile niliitundika ukutani, mahali ambapo Ambrosi ataiona kila akinywa chai.

Mtu mwingine angejifunza. Mume wangu alikwenda Urambo kumtembelea rafiki yake Tobias, mkulima wa tumbaku, akarudi macho yanang'aa. Tobias ana dume. Uso mweupe pee, kifua kipana, manyoya yanateleza. Herefodi halisi, akasema. Na Tobias yuko tayari kubadilishana. Sisi tumpe maksai wetu wawili, yeye atupe dume.

Nikamuuliza tutalima na nini. Akasema tutalima na ndama wa huyo dume, huko mbele. Nikamuuliza baba yake dume ni nani. Akasema ametoka ranchi. Nikamuuliza na mama yake je?

"Getruda," akanijibu, "kwani mimi naoa kwao? Nachukua dume tu."

Nilijifunga khanga nikaenda kwa jirani yetu Manjula, ambaye sote tunamwita Mama Parth. Familia yake ina duka la dawa za mifugo pale Isevya, na shamba lao linapakana na letu. Anafuga Herefodi na machotara wao tangu mwanawe Parth anatambaa. Ni mtu mwema, ila hana subira na uzembe. Nilipomaliza kueleza, alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena. Kisha akanifuata nyumbani.

"Shemeji," akamwambia Ambrosi, "umeona uso. Umeona nini kingine?"

"Kifua."

"Anakula nini?"

Ambrosi hakujua. Mama Parth akamuuliza wako wapi wenzake dume, wale waliozaliwa naye msimu mmoja. Hakujua. Alizaliwa na kilo ngapi? Mama yake huzaa vizuri au ndama huvutwa? Ambrosi akatazama ndani ya kikombe chake, kama vile jibu limezama humo.

Mama Parth akakaa, akaanza kufundisha. Alisema uso mweupe ni kitu rahisi sana kurithi. Hata chotara wa chotara, mwenye damu kidogo tu ya Herefodi, anaweza kuzaliwa nao. Kwa hiyo uso haukuambii kama dume ni halisi, wala haukuambii atazaa ndama wa namna gani. Mwili unaong'aa nao unadanganya. Huenda ni kwa sababu analishwa mashudu tu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Ukitaka kujua ng'ombe anakua vizuri, mlinganishe na wenzake waliokula chakula kimoja naye, mahali pamoja. Na ukitaka kujua atarithisha nini, uliza ukoo wake, upande wa baba na upande wa mama.

"Dume unayemchagua leo," akasema, "ndiye utakayemvuta kwa kamba mwakani."

Nilitazama ukutani. Ambrosi naye alitazama. Lakini bado alisema moyo wake uko Urambo. Nilitamani kumfunga yeye kwa kamba ile.

Jumamosi Mama Parth alitupakia kwenye pikapu yake, akasema twende tukaulize wenyewe. Nilikuwa na hofu. Nyumbani maksai walikuwa wamesimama zizini bila kujua kwamba safari ile ni yao. Wakienda hao, mvua itanyesha na mimi nitalima kwa jembe la mkono, na huyo dume atatafuna pumba akinitazama kwa uso wake mweupe.

Tobias alitupokea vizuri. Dume alitolewa nje ya uzio, na kweli alipendeza, sikatai. Ambrosi alianza kusifu. Mama Parth hakumsikiliza. Alimwomba Tobias atueleze habari za dume, naye Tobias akasema habari zote anazo mkewe, Consolatha.

Consolatha ni mwanamke mwenye utaratibu. Kila ndama akizaliwa, humweka kwenye gunia na kumtundika kwenye mizani ile ile wanayopimia tumbaku. Kilo anaziandika kwa chaki kwenye mlango wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Mlango mzima umejaa. Hakuficha kitu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Baba yake ni nani?" Mama Parth akaanza.

"Ni chotara, alitoka ranchi. Ukoo wake hatuujui."

"Na mama yake?"

"Ambrosi," akasema Consolatha.

"Naam," mume wangu akaitika.

Consolatha akamtazama, akasema hakumwita yeye. Anajibu swali. Mama yake dume ni Ambrosi, yule pale, mwekundu mwenye pembe fupi.

Tuligeuka wote kumtazama yule ng'ombe. Mimi ndiye niliyemtambua kwanza, kwa sikio lake lililochanika. Mwaka wa ukame tulimpa Tobias mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado, naye akatupa mahindi. Alikuwa binti wa kwanza wa Mkwe mkubwa. Kwetu aliitwa Mkwe. Alipofika Urambo akapewa jina la aliyemtoa.

Kwa hiyo dume huyu alikuwa mjukuu wa Mkwe mkubwa. Mume wangu alitaka kutoa maksai wawili ili aje ampande bibi yake na mama zake wadogo.

Tobias alicheka mpaka akashika uzio. Mama Parth hakucheka. Alisema ng'ombe wa ukoo mmoja wakipandana, udhaifu wa upande huu unaweza kukutana na udhaifu uleule wa upande wa pili. Ndama huweza kuwa wanyonge, wakachelewa kukua, au wakafa. Kisha akamwomba Consolatha asome mlangoni. Dume alizaliwa na kilo thelathini na nane, akavutwa kwa kamba. Alipoachishwa kunyonya, wenzake wote walikuwa wamemzidi. Ndipo Tobias alipoanza kumlisha mashudu nyumbani, peke yake, wakati wengine wanakwenda machungani.

"Thelathini na nane," Ambrosi akarudia polepole. "Kwa Mkwe mdogo."

Njiani kurudi nilikuwa na maneno mengi, lakini niliyameza. Yeye mwenyewe alikuwa amekwishaitika, pale mama yake dume alipotajwa.

Siku chache baadaye alikwenda kwa Mama Parth kumwangalia dume wake, Kiraka. Zamani alikuwa akimcheka dume huyo, kwa sababu ana doa la kahawia kwenye jicho moja, kama amepigwa ngumi. Safari hii aliuliza. Baba na mama wa Kiraka wanajulikana, na hawana udugu na ng'ombe wetu. Ndama wake huzaliwa wepesi, hata kwa mitamba, na wakifika kuachishwa kunyonya huwazidi wenzao. Lile doa nalo lina faida, maana ngozi nyeupe kuzunguka jicho huumizwa na jua letu. Tulikubaliana kwamba sisi tumlimie Mama Parth shamba lake la karanga kwa maksai wetu, na yeye atupe Kiraka awapande akina Mkwe.

Mkwe mdogo alizaa Jumapili tukiwa kanisani. Tuliporudi tulimkuta ndama amesimama, ananyonya. Hakuna aliyemvuta. Nilichukua ile kamba ukutani, nikaifunga kati ya miti miwili, na mpaka leo naanikia nguo.

Siku hizi kila ng'ombe wetu ana jina lake peke yake. Ambrosi ameyaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, pamoja na baba, mama na kilo. Akikosea namkumbusha, na simkumbushi kwa upole.

Juzi asubuhi nilikuwa nakamua, yeye amesimama mlangoni na chai yake. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Tobias kutoka Urambo, na furaha yake niliisikia mpaka chini ya ng'ombe.

"Rafiki yangu, Ambrosi amezaa. Dume. Uso mweupe pee."

Nilisimamisha mikono nikasubiri.

"Uso achana nao," mume wangu akasema. "Baba yake nani, na ana kilo ngapi?"

Nikaendelea kukamua.