Hélène na Wanaume Wanane wa Manono

— Mama, usiogope ndoa. Ndoa haiko gereza.

Hélène aliinua macho kutoka kwenye mashine ya fotokopi. Mbele ya meza yake alisimama mwanaume asiyemjua hata kidogo. Koti lake lilikuwa jekundu kwa vumbi, kofia ya pikipiki ameibana kwapani, na mkononi ana bidoni, dumu la mafuta ya mawese. Hélène alikuwa amemwambia karibu tu, na jibu lenyewe ndilo hilo.

— Papa, umesema nini?

— Nasema usiogope. Miye naitwa Kizito, natoka Manono, siku tatu mu barabara. Serge njo amenituma hii mawese. Nilipokusikia tu unasema "karibu Papa," nikajua sikupotea. Njo yeye, ndiye! Njo Mama wa Jumapili!

— Mama wa Jumapili?

— Ee! Njo tunakuitaka vile. Sisi wanane mu nyumba moja, Jumapili saa kumi hakuna mwenye kutoka. Serge anaunga telefone ku bafle, sauti inatoka kubwa, tunanyamaza, tunakusikiliza. Ile ya kwaya! Ile ya mvua ku daraja! Na ile ya juzijuzi ulilia... Mama, ile ilituumiza. Gauthier hata hakukula. Tukamwambia Serge, muambie mutoto wa watu asiogope, yeye haiko mama yake.

Mteja mmoja aliyekuwa akingojea kopi ya kitambulisho akageuza shingo ili asipitwe. Hélène akamrudishia kitambulisho chake, akamwambia arudi kesho, akaipokea bidoni bila hata kusema asante, akafunga mlango wa kibanda saa nne ya asubuhi.

Sasa msikilizeni vizuri huyu Hélène, msije mkasema ana hasira za bure.

Serge ni mchumba wake. Miezi tisa sasa yuko Manono, fundi wa jenereta kwenye kambi ya watu wanaotafuta madini. Naye Hélène ni mwanamke asiyejua kutulia. Juma zima anakaa kwenye kibanda chake karibu na bandari ya Kalemie, anachapa barua za watu na kutoa kopi, na boti ikipiga honi tu, miguu inamwasha. Kwa hiyo kila Jumapili akitoka kanisani hutembea. Si mbali. Siku nyingine ni daraja la Lukuga, siku nyingine ufukweni Kituku kuangalia watu wakianika ndagala, wale dagaa wa ziwa, siku nyingine anasimama tu nje ya baa kusikia gitaa, kisha anaendelea na njia. Huko anakotembea anashika simu na kumrekodia Serge.

"Serge, sikiliza hawa wa kwaya. Wanarudilia wimbo mumoja tangu saa sita, na ule mutoto wa sauti ya juu anakosea pale pale tu. Lakini namupenda, sababu kila mara anaingia na nguvu sawa vile hajakosea hata siku moja. Miye ningekuwa nimeshakimbia."

Audio kama hizo. Na Serge, ambaye ana kwa ana maneno humtoka kwa shida, alikuwa anamjibu kwa meseji tamu ajabu. Hélène alizihifadhi. Jioni alikuwa anazisoma na kutabasamu peke yake.

Ndipo ikaja ile ya majuma mawili yaliyopita. Siku hiyo hakurekodi muziki wowote. Alikaa kwenye jiwe ufukweni akasema kitu ambacho hajamwambia mtu: "Serge, naogopa kuolewa. Mama alikaa miaka makumi tatu mu parcelle ya Papa, kiwanja kimoja tu. Safari yake ya mbali ilikuwa kupelekwa hospitali, na hakurudi. Papa ni muntu muzuri, hakumupiga hata siku moja, lakini hakumuacha afike hata Moba kwa dada yake. Nisikilize, Papa asijue kama nawaza hivi. Itamuua." Na hapo akalia.

Hayo ndiyo Gauthier alisikia hadi akashindwa kula.

Hélène alipiga simu akiwa bado ameshika kufuli.

— Allo, chérie! Kizito amefika?

— Serge, audio zangu unasikiliza na nani?

Upande wa pili ilisikika jenereta ikinguruma.

— Serge.

— Na... watu wa nyumba.

— Wanane?

— Hélène, haikuwa kwa ubaya. Hapa hakuna kitu, Jumapili inakuwaka ndefu. Ile ya kwanza nilisikiliza mubele yao, wakaomba tena. Nikajisikia fahari. Nikasema, acha waone ginsi bibi yangu anasemaka.

— Hata ile nililia?

— Ile nilikuwa nimeshaiunga ku bafle. Sikujua utalia.

— Na ulipojua? Ulizima?



— Sikuzima, akasema Serge.

— Sawa.

— Hélène, ngoja...

Hakungoja. Alikata simu, na Serge alipopiga tena mara nne, aliiacha ilie hadi ikachoka.

Jumapili iliyofuata hakutuma kitu. Alitembea, ndiyo, maana miguu ile haijui hasira. Alifika darajani akakuta fanfare ya kanisa moja inapita, tarumbeta mbele na watoto nyuma wakicheza, akatoa simu, akarekodi, akafuta. Akaenda hadi sokoni, akarudi, akapita tena mbele ya nyumba yao bila kuingia, akaenda upande wa pili. Jirani mmoja akamuuliza kama amepoteza kitu. Akajibu hapana, kisha akaona amedanganya.

Meseji za Serge zilikuwa zinaingia.

"Nisamehe."

"Watu wanauliza kama uko mugonjwa."

"Umekula?"

Hiyo ya mwisho ilimkera kuliko zote. Miezi tisa, kila jioni, "Umekula?" Mtu amekuvua nguo mbele ya watu, halafu anakuuliza kama umekula!

Mambo yangeweza kulala hivyo, lakini baba yake alikuwa na tarehe. Papa Cyprien, mzee aliyestaafu kazi ya gari moshi, alimwita barazani siku ya Jumatatu.

— Watu wa Serge wanataka kuleta mahari ile siku tulipatana. Wananiuliza kama waje. Niwaambie nini?

— Papa, nipatie muda.

— Muda gani tena? Hadi Jumamosi. Nisipowajibu hadi pale itakuwa matusi, na watu wa Serge, wale wa Fizi, hawasahau. Kuna shida gani?

— Hakuna shida.

— Serge ana mwanamuke ku Manono?

— Hapana, Papa.

— Basi shida iko wapi?

Hélène aliinuka, akaingia ndani. Jibu alikuwa nalo, ila nusu yake ilikuwa ya kumuumiza huyo huyo aliyeuliza.

Alhamisi, saa tisa, mtu aligonga kibanda. Alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, midomo imepasuka kwa upepo. Hélène alimtambua kwa mabega: Serge.

— Nani alikuambia uje?

— Hakuna. Nilimuomba Kizito kiti nyuma ya moto, ile pikipiki yake.

— Na kazi?

— Nimeiacha siku saba. Wakinifukuza, wanifukuze.

Moyo wa Hélène uliruka, naye akaukasirikia. Alifunga kibanda.

— Twende.

— Wapi?

— Miye natembeaka. Si unajua? Manono yote inajua.

Walienda hadi daraja la Lukuga bila kuongea. Serge alikuwa anachechemea kwa siku tatu za pikipiki, naye Hélène hakupunguza mwendo. Walipofika katikati ya daraja alitoa simu, maana lile "tukamwambia Serge" la Kizito lilikuwa limemtia shaka.

— Nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye. "Ningekuwa pale ningekushika mukono hadi mvua iishe." Nani aliandika hii?

Serge alijifuta vumbi usoni.

— Serge Kashindi, nani aliandika?

— Gauthier.

— "Sauti yako njo inanionyesha njia ya kurudi."

— Ile... ni Doudou. Alisomaka kidogo seminari.

— Na hii? Hélène aliitafuta kwenye simu. Hii ya kisha miye kulia. "Siku tutaoana, safari ya kwanza utachagua weye." Hii nimeisoma mara mia, Serge. Hii njo ilifanya nilale. Sema ni yako.

Maji yalikuwa yanapita chini, kijani, taratibu. Serge alishika chuma cha daraja.

— Ni ya Papa Kizito.

Hélène alicheka, cheko baya lisilo na furaha.

— Kwa hiyo niolewe na Kizito?

— Ana bibi na watoto sita.

— Usinichekeshe! Nimependa nani miye, miezi tisa? Yako ni gani humu ndani? Hata moja?

— "Umekula?" akasema Serge. Ile ni yangu. Zote za "umekula" ni zangu.

Hélène aligeuka upande mwingine, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na hakutaka kumpa.

— Juu ya nini haukuniandikia maneno yako?

— Juu siko nayo! Weye unaona muntu anaimba vibaya, unatoa pale neno linapendeza. Miye naona muntu anaimba vibaya, naona tu anaimba vibaya. Niliogopa utachoka na miye. Wale walikuwa wanasema, andika hivi, andika hivi, na weye unajibu na furaha. Nikaona afadhali ufurahi.

— Na ile siku nililia, weye mwenyewe, mu roho yako, ulitaka kusema nini?

Mwanamke mmoja alipita na beseni la samaki, akawaangalia, akaendelea.

— Nilitaka kusema miye pia naogopa. Naogopa siku moja utapanda boti na usirudi. Ile haiko neno la kumuandikia mwanamuke mwenye kulia. Njo maana nikawaachia wao.

— Na nikipanda boti, utanizuia?

— Nitasimama ku bandari. Nitaumia sana. Lakini siwezi kukuzuia.

Hilo halikuwa tamu kama la Kizito. Hata hivyo lilikuwa la Serge mwenyewe, na mara ya kwanza tangu siku ile ya Kizito, miguu ya Hélène ikatulia.

— Bado nina hasira, alisema.

— Najua.

— Nitamuambia Papa waje. Lakini siku ile ya mahari mujomba wako Papa Théophile asikusemee. Utasimama weye.

Serge alishtuka kuliko alivyoshtushwa na yote.

— Hélène! Bwana harusi hasemaki ku mahari. Mujomba njo anasemaka. Watasema sina heshima!

— Wengine wamekusemea miezi tisa. Miye nataka kusikia weye. Ukinyamaza, Papa atakaponiuliza kama tupokee, nitasema hapana mubele yao wote.

Siku ya mahari ilifika na jua lake. Parcelle ya Papa Cyprien ilijaa viti vya kukodi. Upande mmoja watu wa gari moshi na tai zao, upande mwingine watu wa Serge, wafanyabiashara wa ziwani na wake zao wamevaa vitenge vya sare. Muziki ulikuwa unasikika hadi kwa jirani wa tatu. Hélène alitolewa nje akiwa amefunikwa kitambaa, akakaa kati ya shangazi zake.

Muziki ulizimwa. Papa Théophile, mjomba wa Serge, mtu wa maneno mengi na mazuri, alisimama akakohoa.

— Wazee wetu wa Kalemie...

— Mujomba, samahani, alisema Serge. Nataka kusema miye.

Minong'ono ilianza pale pale. "Huyu mutoto amelewa?" Papa Théophile alibaki mdomo wazi, halafu akakaa polepole, amekasirika waziwazi. Serge alisimama na suti yake, jasho linamtiririka.

— Miye ni Serge. Sijuaki kusema. Mbele yenu wote nasema, huyu Hélène nilimukosea. Aliniambia neno lake la roho, na miye... nikaliacha lisikiwe na watu.

Chini ya kitambaa Hélène alimshika shangazi wa kando yake. Baba yake alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka pale. Mungu wangu, anaenda kulisema.

— Neno gani? aliuliza Shangazi Mado, dada wa Papa Cyprien, mwanamke asiyekubali kupitwa.

Serge alitikisa kichwa.

— Sema, mutoto! Umetuita kusikiliza. Njo neno gani?

— Shangazi, siwezi.

— Umekosea binti yetu na hutaki kutuambia kosa? Cyprien, unasikia huyu? Kuna mimba? Kuna mwanamuke?

Watu wakaanza kusema kwa pamoja. Mama yake Serge alimvuta koti akae. Papa Cyprien aliinua mkono, parcelle ikatulia.

— Kijana wangu, njo miye baba yake. Niambie miye.

Serge alimwangalia yule mzee. Alijaribu kupata sentensi, ikakataa, akajaribu tena. Kama Doudou wa seminari angekuwepo angempa tatu nzuri.

— Papa, nakuheshimu sana. Lakini ile ni neno letu wawili. Hata weye siwezi kukuambia. Mukitaka turudi na vitu vyetu, tutarudi. Sitasema.

Akakaa. Papa Théophile alishika kichwa kwa mikono miwili.

Papa Cyprien aliinuka kwenye kiti. Kisha akageuka, akamfunua bintiye kitambaa kwa mikono yake mwenyewe. Akamkuta uso umelowa.

— Mutoto wangu, umesikia yote. Miye sijui kuna nini kati yenu, na inaonekana sitajua. Vitu vyao ni hivi. Tupokee?

Hélène aliangalia juu ya vichwa vya watu wote, hadi kwa yule aliyekuwa anajifuta jasho kwa tai.

— Mupokee, Papa.