Kurasa Nane Zilizorukwa

Kila siku ya shule, saa kumi kamili, cherehani zote katika karakana ya Mama zilinyamaza. Hakuna aliyepiga kengele. Bibi Pindo aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, Shangazi Vifungo akavuta kikapu chake cha vifungo hadi mapajani, na Mama, aliyekuwa mkata nguo na mwenye karakana, akaweka mkasi pembeni na kushika pasi. Muda huo waliuita saa ya mkono. Ilikuwa saa ya kazi zisizohitaji mashine: kupinda, kushona vifungo, kukata nyuzi, kunyoosha nguo. Na kwa kuwa mashine zilikuwa kimya, ilikuwa pia saa ya kitabu.

Msomaji alikuwa binti wa Mama, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye karakana nzima ilimwita Sisimizi. Hakuitwa hivyo kwa udogo. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anahamia mguu huu, mara ule. Hata kupiga mswaki alipiga akizunguka ua, povu mdomoni. Bibi Pindo alipenda kusema, "Mtoto huyu akilala, kitanda ndicho kinachochoka."

Lakini kusoma alijua. Aliweza kubadilisha sauti mpaka ukadhani mtu wa kitabuni yuko nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Na walimhitaji. Bibi Pindo aliona vizuri tundu la sindano, lakini herufi za kitabu zilimpa maumivu ya kichwa. Shangazi Vifungo, ambaye hakuwa shangazi wa damu ila alimbeba Sisimizi tangu akiwa mchanga, aliacha shule darasa la tatu. "Herufi nazijua mojamoja," alisema. "Zikikusanyika nyingi, zinanizomea." Kwa hiyo Sisimizi aliazima vitabu maktaba ya shule, na kila siku akasoma sura moja. Baada ya hapo watu wazima walijadili walichosikia, naye akawa huru kwenda zake.

Mwezi huo walikuwa wakisoma hadithi ya mabinti wawili wa mkuu wa stesheni ya treni. Binti mkubwa alikuwa akipokea barua za mdogo wake na kuzificha ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hadithi iliwashika. Wateja waliokuja kuchukua nguo waliuliza kwanza, "Mmefika wapi?" Suruali zao walizikumbuka baadaye.

Tatizo lilianzia uwanjani. Sisimizi alikuwa ameingia timu ya shule ya mpira wa pete, na mazoezi yalianza saa kumi na nusu. Mwalimu wa michezo alikuwa mtu wa maneno machache. "Atakayechelewa mara tatu," alisema, "nafasi yake atapewa mwingine." Sisimizi alikuwa amekwisha kuchelewa mara mbili, na Jumamosi kulikuwa na mechi.

Jumatatu hiyo sura ilikuwa ya kumi na moja, nayo ilikuwa ndefu ajabu. Sisimizi alisoma huku jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Alifika ukurasa wa mia moja na kumi na tatu, pale binti mkubwa anapopiga magoti na kulivuta lile sanduku. Saa ilionyesha kumi na dakika ishirini na mbili. Goti lake lilicheza mpaka kitabu kikatikisika. Akashika karatasi kadhaa kwa pamoja, akazifunua kama moja, akaendelea kusoma kwenye ukurasa wa mia moja ishirini na mbili, ambapo binti mdogo anamwandalia dada yake kifungua kinywa na wote wawili wanacheka.

Sindano ya Shangazi Vifungo ilisimama hewani.

"Hivi hivi tu?" aliuliza. "Barua zote zile, halafu chai?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," Sisimizi alijibu, akafunga kitabu, akatoka mbio. Alifika mazoezini kabla ya firimbi na akajiona mjanja.

Nyuma yake mjadala uliwaka. Bibi Pindo alimtetea binti mkubwa. Alisema ndugu ni ndugu, bila shaka alikuwa na sababu, na mdogo wake amefanya la maana kusamehe bila kelele. Shangazi Vifungo alisema huyo mkubwa ni mwizi wa barua na mdogo ni mjinga wa kupindukia. Kwa kawaida waliishia kucheka. Safari hii hawakucheka, kwa sababu kila mmoja alihisi kuna kitu hakikai sawa katika hadithi na akadhani ni mwenzake asiyeelewa.

Kesho yake, kabla ya sura mpya, Bibi Pindo alisema, "Mwanangu, hebu turudie pale pa sanduku. Jana labda sikusikia vizuri."

Sisimizi angeweza kusema ukweli wakati ule ule, na jambo lingeishia hapo. Badala yake alifungua mia moja na kumi na tatu, akasoma taratibu, akafunua zile karatasi kwa pamoja tena na kuendelea na chai.

"Umesikia?" Shangazi Vifungo alimwambia Bibi Pindo. "Hakuomba hata radhi! Lakini wewe utamtetea tu, maana hata wewe unajua kuficha."

"Mimi nimeficha nini?"

"Kaka yangu alipopita hapa, akakuachia ujumbe kwamba ananingoja kituo cha mabasi. Ulinipa ujumbe huo?"

Bibi Pindo alirudi kwenye pindo lake. Mama alisema, "Jamani, ni kitabu tu," lakini hakikuwa kitabu tena.

Tangu hapo wanawake wale wawili hawakusemeshana. Cherehani zao zilikuwa bega kwa bega, na walikuwa na mashati ya sare ya shule ya kumaliza kabla ya Jumatatu. Bibi Pindo alipinda na kutoboa matundu ya vifungo, kisha Shangazi Vifungo akashona vifungo. Zamani shati lilitoka mkono huu likaingia mkono ule pamoja na utani. Sasa Bibi Pindo aliliweka shati kwenye kiti kitupu, akageuka, na Shangazi Vifungo akasubiri ageuke ndipo alichukue. Sisimizi aliwasomea, lakini hakuna aliyejadili. Waliposikiliza, kila mtu aliangalia kitambaa chake.

Sisimizi hakupata raha mahali popote. Mazoezini sasa aliwahi, ila mpira ulimponyoka. Nyumbani alichezea chakula. Aliona aibu, na alipojaribu kuikimbia aibu hiyo aliikuta imefika kabla yake.

Ijumaa Mama alitaka kuona shati likivaliwa, akamvalisha Sisimizi moja na kulifunga hadi shingoni. Sisimizi aligeuka mara moja tu, kama kawaida yake, na vifungo vyote vikafunguka.

Mama alishika kifungo, akatazama tundu. "Vifungo hivi ni vidogo kuliko vya kwanza. Nani alijua vimebadilika?"

"Mimi," alisema Shangazi Vifungo. "Nilifungua boksi jipya Jumatano."

"Mbona hukumwambia anayetoboa matundu?"

"Ningemwambia nani? Mtu haniangalii."

Bibi Pindo alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa kanga yake kwa muda mrefu. "Kesho nitamaliza yangu," alisema, "kisha nitachukua vitu vyangu. Nitashonea nyumbani." Alikuwa amekaa kwenye kiti kile tangu Sisimizi hajazaliwa.

Jumamosi Sisimizi alifika karakana akiwa tayari amevaa nguo za mechi. Saa tisa na nusu Bibi Pindo alianza kufungasha. Aliweka subana yake, kile kikofia cha kidole, ndani ya sanduku la mbao. Akaweka chaki, kisha mto mdogo wa pini. Shangazi Vifungo alikuwa anafumua matundu yaliyoharibika, ameinama sana, machozi yakidondokea kola. Hakuna aliyemwomba Bibi Pindo abaki.

"Bibi, usiondoke," Sisimizi alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kosa ni langu. Niliruka."

"Uliruka nini?" Mama aliuliza.

"Kurasa. Nane. Pale baada ya sanduku. Nilitaka kuwahi mazoezi."

Mama alisimamisha pasi wima. "Na Jumanne, Bibi alipokuomba urudie?"

"Niliruka tena."

Bibi Pindo alikaa polepole juu ya sanduku lake. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. "Mimi nikadhani masikio yangu yamezeeka," alisema. "Wiki nzima najiuliza nitashona vipi nikianza kukosa kusikia pia."

Hapo Sisimizi alilia. Alikuwa amefikiria ugomvi, alikuwa amefikiria mashati, lakini hilo la masikio ya Bibi hakuwa amelifikiria hata kidogo. "Nisamehe, Bibi. Nisamehe, Shangazi."

Mama alifungua mtoto wa meza, akatoa kitabu katikati ya rili za uzi, akakiweka juu ya meza ya kukatia. "Mechi yako ni saa kumi," alisema. "Sikukatazi."

Kelele za uwanja wa shule tayari zilisikika hadi karakana. Sisimizi aliangalia mlango, akaangalia kitabu. Miguu yake ilijua inakotaka kwenda. Akavuta kiti, akakaa, akafungua ukurasa wa mia moja na kumi na nne.

Katika kurasa zile nane binti mkubwa aliliweka sanduku mezani mbele ya mdogo wake. "Nilizificha," alisema. "Hakuna aliyenituma. Niliogopa ukizisoma utaondoka, nibaki na baba peke yangu." Mdogo wake alimfungia mlango kwa siku tatu. Kwa siku tatu mkubwa alikaa sakafuni upande wa nje, akamsomea barua zote kupitia mlango, moja baada ya nyingine, hata zile zilizomsema yeye mwenyewe vibaya. Siku ya nne kitasa kilizunguka. Ndipo ikaja chai.

Firimbi ya mechi ililia wakati Sisimizi yuko ukurasa wa mia moja na kumi na saba. Goti lilianza. Akaweka mkono juu ya goti na kuendelea mpaka mwisho.

"Kumbe alisema mwenyewe," Shangazi Vifungo alisema hatimaye.

"Na kumbe mdogo hakuwa mjinga," alisema Bibi Pindo. "Alikasirika siku tatu nzima." Alichezea kifuniko cha sanduku lake. "Ile siku ya kaka yako, sikukuficha. Nilisahau. Nilipokumbuka, basi lilikuwa limeshaondoka, nikaona haya. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho zikawa miaka miwili."

"Nilijua kuna ujumbe," Shangazi Vifungo alijibu. "Kaka alinipigia simu akanieleza. Nilikuwa nangoja useme."

"Ndiyo nimesema. Nisamehe, mwenzangu."

Shangazi Vifungo alifuta macho kwa shati la sare. "Na mimi nitakasirika siku tatu."

"Tunaanza kuhesabu leo, au tangu Jumanne?"

Shangazi Vifungo alifikiri. "Tangu Jumanne."

"Basi zimeshapita!"

Walicheka wote wawili, kwanza kidogo, kisha mpaka mpita njia akachungulia mlangoni. Bibi Pindo alitoa subana yake, akaivaa kidoleni, akasema, "Haya, leteni hayo mashati kabla sijaghairi."

Mama alimpa Sisimizi kifumulio cha nyuzi na shati lenye matundu mabaya, akaketi karibu naye. "Ungesema tu kwamba muda haukutoshi," alimwambia, "tungekata sura katikati, au tungeanza mapema. Sisi si watu wa kutisha. Ukisomea wengine, unawakopesha macho yako. Wanaona kile tu unachowaonyesha. Ukiwadanganya, watagombana na mtu asiye na kosa, au watajilaumu wenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa haraka. La pili lilikuwa uongo. Lakini leo umelisema mwenyewe, na hilo nimeliona."

Timu ilifungwa. Jumatatu mwalimu wa michezo alimweka Sisimizi benchi hadi mwisho wa mwezi, naye hakubisha.

Saa ya mkono ilihamishwa ikaanza mapema kidogo, na sharti jipya likawekwa na Shangazi Vifungo: kila anapofunua ukurasa, Sisimizi ataje namba kwa sauti. Alitaja. "Mia moja sabini na mbili. Mia moja sabini na tatu." Alitaja Jumatatu, akataja Jumanne, na mara moja moja Shangazi Vifungo aliinuka kuhakikisha, kwa kuwa namba hazikumzomea.

Jumatano, kitabuni treni ya mwisho ilikuwa inaingia stesheni, na hakuna aliyejua nani atashuka. "Mia moja tisini na nne," Sisimizi alisema.

"Aa, mwanangu," Bibi Pindo alisema bila kuinua macho kwenye pindo lake, "acha hizo namba, zinanikatisha utamu. Soma tu."

Sisimizi alimtazama Shangazi Vifungo. Shangazi Vifungo alitikisa kichwa kukubali, akachomoa kifungo kingine kikapuni. Furaha ilimpanda Sisimizi. Akalowesha kidole, akafunua karatasi moja, akasoma.