Ala Isiyo na Mdomo

Jua lilikuwa limeshainamia mapaa Fundi Taratibu alipovua aproni yake na kuitundika kwenye msumari. Alitaka kuwahi duka la kona akanunue nta ya kupaka uzi kabla mwenyewe hajafunga. Jina la Taratibu alipewa na wateja. Ukimwambia unasafiri kesho, anakujibu, "Taratibu." Ukimwambia unasafiri leo, anakujibu hivyo hivyo. Lakini kazi yake ya ngozi ilikuwa safi, na watu walikuwa wakinung'unika huku wakirudi.

Alikuwa na kufuli mkononi mwanamke mmoja alipotokea mlangoni. Mtu mzima, wa miaka sitini hivi, macho yamemwingia ndani kama mgonjwa. Mfuko wa gauni lake ulikuwa umelowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Fundi, nimekuwahi?"

"Umeniwahi nikitoka, mama. Njoo kesho."

"Kesho nije kuchukua. Leo nimekuja kuleta."

Alitoa mfukoni kitu kilichoviringishwa kitambaa, akakifungua juu ya meza. Kilikuwa kisu kidogo chenye mpini wa mfupa, ubapa wake hauzidi urefu wa kidole. Fundi alikiinua kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kwenye makali. Mtu aliyekata vitu maisha yake yote hujua. Kisu kile hakijawahi kukata kitu chochote.

"Nataka ala," mama alisema. "Ya ngozi. Uishone pande zote. Na mdomo pia uufunge."

"Sasa utakitoaje?"

"Sitakitoa."

Fundi akacheka. "Mama, nimeshawahi kumshonea mtu mkoba wa kubebea mkoba mwingine. Lakini ala isiyo na mdomo, hii ndiyo mara ya kwanza."

Yeye hakucheka. Alimtazama fundi usoni, kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

"Wewe ndiye kaka wa yule binti aliyefariki akijifungua mwaka jana? Nyumba ya mlango wa kijani?"

Kicheko kikamkauka fundi. "Ndiye mimi."

"Pole sana, baba." Sauti yake ilikatika. "Basi nimefika kwa mtu mwenyewe. Ushone kwa mkono wako, usimpe mwingine. Na mdomo uwe umefungwa kabla jua la kesho halijazama."

Akaondoka bila kuaga.

Fundi alikaa chini. Nta angenunua asubuhi. Kutajiwa mdogo wake kulikuwa kumemrudisha nyuma mwaka mzima. Siku ile ya msiba yeye hakuwapo, alikuwa amepeleka mikanda kwa mteja mji wa pili. Alirudi akakuta watu wamejaa uani na masikio yake yakikataa kupokea maneno. Mdogo wake amekwenda. Mtoto naye, walisema, alizaliwa hana uhai. Wakazikwa pamoja, shimo moja. Mume wa marehemu alihama mji, kila kona ya ule mtaa ilimwonyesha mkewe. Mama yao mzazi akabaki kitandani akitazama ukuta, hali mpaka abembelezwe, na majirani wakaanza kusema kwa sauti ya chini kuwa amechanganyikiwa.

Basi akaona afadhali mikono ishike kazi. Alichora umbo la kisu kwenye karatasi, akakata ngozi laini ya ndama, akaitumbukiza katika beseni la maji mpaka ikalegea. Akakifunga kisu kwa nailoni kisipate kutu, akakiviringisha ndani ya ngozi iliyolowa, akawa anaikandamiza kwa vidole gumba ili ishike umbo. Ngozi ikilowa huwa kama udongo wa mfinyanzi. Ukiigusa kwa ukucha, alama inabaki mpaka kufa kwake. Kwa hiyo fundi aliigusa kwa uangalifu, kama mtu anayepapasa shavu la aliyelala.

Tone...

Aliinua kichwa. Beseni lilikuwa kavu pembeni, bomba limefungwa.

Tone... tone...

Sauti ilikuwa inatoka mezani. Maji yalitiririka kutoka kwenye mdomo wa ala, membamba, yenye utelezi, yakafika ukingoni na kuanguka. Hayakuwa maji ya beseni. Yalikuwa ya vuguvugu. Na yalikuwa na harufu ambayo fundi aliwahi kuisikia mara moja tu, alipoingia chumba cha mdogo wake siku ya msiba na kukuta godoro bado halijatolewa.

Aliacha kila kitu pale pale. Akafunga mlango, akaenda nyumbani kwa mwendo wa mtu anayejikataza kukimbia.

Asubuhi, jua likiwa limejaa barabarani na wauza magazeti wakipiga kelele, alijiona mjinga. Maji ni maji. Akaingia, akaichukua ala. Ilikuwa imekauka vizuri na kushika umbo la kisu barabara.

Ila ubavuni kulikuwa na vinundu vinne vidogo, vimejipanga mstari. Na upande wa pili, kimoja.

Alidhani ni vidole vyake mwenyewe. Akavijaribu. Vidole vyake viliingia kwa juu, na vile vinundu vilikuwa vimesukumwa kutoka ndani. Akatoa kisu, akaiegemeza ala dirishani ili mwanga uingie. Ndani kulikuwa na vishimo vitano, kila kimoja kidogo kuliko punje ya hindi, na kwenye ncha ya kila kishimo, mkwaruzo mwembamba wa ukucha.

Mkono.

Mkono mdogo kabisa, ulioshika kwa nguvu na kusukuma.

Nywele zilimsimama. Angeweza kukitupa kile kitu jalalani akaishia hapo. Lakini alikuwa ameipokea kazi, na mikono yake ilizoea kumaliza ilichoanza. Akarudisha kisu, akatoboa matundu kwa msharasi, akatia uzi kwenye sindano mbili na kuanza kushona, sindano moja ikienda, nyingine ikirudi. Ubavu mmoja, mpaka ncha, na ubavu wa pili. Saa zikapita. Alipofika kwenye mdomo, uzi ukakatika. Akafunga fundo, akaanza upya. Ukakatika. Mara ya tatu alisogeza uso karibu aone kasoro iko wapi, na pumzi ndogo, ya joto, ikampiga shavuni kutoka ndani ya ala.

Akaziweka sindano chini. Mpaka yule mama anarudi, jua likielekea kuzama, fundi alikuwa bado amekaa vile vile, mikono magotini.

"Umefunga?" mama aliuliza akiwa mlangoni.

"Wewe ni nani?"

"Fundi, jua linakwenda. Funga kwanza."

"Nimekuuliza, wewe ni nani?"

Alijiegemeza kwenye mlango, akateremka polepole mpaka akakaa sakafuni.

"Mimi ndiye mkunga," alisema. "Ndiye niliyemzalisha mdogo wako."

Fundi akaiangalia ala iliyokuwa mezani.

"Kisu nilikinunua kipya kwa ajili yake. Cha kumkatia mtoto kitovu. Mtoto akatoka, baba. Akatoka mzima! Akalia mara moja. Lakini mama yake alikuwa anavuja damu, anavuja kama bomba... Nikamlaza mtoto pale miguuni, kitovu hata sijakata. Nikamwambia, 'Subiri, mwanangu. Subiri kidogo nimwokoe mama yako.'" Akafuta uso kwa kiganja. "Sikumwokoa. Na nilipogeuka, mtoto alikuwa wa baridi. Alisubiri akachoka. Nikaogopa. Nikawaambia watu alizaliwa amekufa."

Nje, mtu alipita akiburuta ndala. Walisubiri apite.

"Tangu siku hiyo, kila jua likizama, kisu kinalowa. Na ninamsikia. Halii kwa hasira. Analia kama mtu anayekumbusha. Nilimwambia asubiri, basi ndiyo anasubiri. Nikaenda kwa mtu anayejua mambo haya. Akaniambia, kifungwe ndani ya ngozi, kwa mkono wa mtu wa damu yake. Hatasikika tena kamwe."

"Kwa hiyo ukaja kwangu." Fundi akasimama. "Ukanifanya mimi, mjomba wake, nimshone mdomo?"

"Sijalala mwaka mzima, mwanangu. Nisamehe. Sijalala..."

Alitaka kumfukuza. Alitaka kumpiga, yeye ambaye hata mbwa hakuwahi kumtupia jiwe. Lakini alimtazama yule mama kizee aliyejikunja sakafuni, na akaona uso ule ule anaouona nyumbani kila siku umeegemea ukutani. Akaichukua ala. Akamshika mkunga mkono, akamwinua.

"Twende," akasema. "Kazi yako hujaimaliza."

Nyumbani, mama mzazi alikuwa kitandani katika kile chumba alichofia binti yake, ambacho hakukubali kuhama. Alipomwona mkunga, akainuka mwenyewe, bila kushikwa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Nilimsikia," alisema. Hakusalimu. "Nilikuwa nje ya mlango huu, nikamsikia akilia. Nikakuuliza. Ukaniambia ni paka."

Mkunga akapiga magoti. "Ndiyo, dada. Nilikwambia ni paka."

"Wote mkasema nimechanganyikiwa. Na wewe," akamgeukia mwanawe, "ulisema."

Fundi akainamisha kichwa. Alisema kweli, tena zaidi ya mara moja.

Mwanga dirishani ulikuwa umebaki mstari mwekundu. Mkunga akavuta kisu kutoka kwenye ala. Kilikuwa kinachuruzika. Na hapo wote watatu wakasikia, chini kabisa, pale mwisho wa kitanda... kilio. Chembamba. Kimechoka.

Hapakuwa na kitu cha kuona. Shuka tu, na kivuli cha dirisha. Lakini mkono wa kushoto wa mkunga ulipapasa hewani, ukasita, ukafumba kama umeshika kamba nene. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akapeleka kisu.

Fundi alisikia sauti ile. Angeijua hata akiwa usingizini. Ni sauti ya makali yakipita kwenye ngozi iliyolowa.

Kilio kikakatika.

"Tayari," mkunga alinong'ona. "Pole kwa kusubiri, mwanangu." Kisha akaangalia huku na huku kama aliyepotea. "Nani anampokea?"

Fundi hakuwa amefikiria hilo. Pengine hakuna aliyefikiria. Alifungua kinywa aseme, asipokelewe, aachwe aende zake.

Mama yake alikuwa ameshanyoosha mikono.

Ikashuka kidogo, ile mikono, kama inavyoshuka ya mtu aliyewekewa mzigo. Akaikunja kifuani. Akafunga macho.

Mkunga alilala siku ile kwenye mkeka wa sebuleni mpaka mchana wa pili, akaondoka na uso wa mtu aliyepona homa. Kisu hakikulowa tena. Na mama mzazi akaanza kula. Akaoga bila kuambiwa, akafagia ua, akamtania mwanawe kwamba kwa utaratibu wake huo hata mke atampata akiwa na mkongojo. Majirani wakafurahi, wakasema kweli muda unatibu.

Ila jua likielekea kuzama, mama huingia chumbani na kujifungia. Fundi akiwa sebuleni husikia akiimba kwa kunong'ona. Akitoka, bega la gauni lake linakuwa limelowa, na nyuma yake inakuja harufu ya maziwa. Anazidi kuwa mwepesi, mama. Anakula vizuri, anacheka, na kila mwezi gauni linampwaya zaidi. Fundi huliona hilo. Hajauliza. Alishamwita mama yake mwenda wazimu kwa jambo la kweli, hawezi kuthubutu mara ya pili.

Wiki iliyopita alikuja mwenyewe mpaka karakana, anatembea taratibu, ameshika ukuta. Akaweka karatasi mezani, mbele ya mwanawe.

"Nikatie viatu," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo fundi hakuwahi kuiona tangu utoto. "Ngozi laini, isimchubue. Ameanza kusimama."

Fundi aliitazama karatasi. Ilikuwa na unyevu. Juu yake palichorwa unyayo mmoja wa kushoto kwa penseli, mdogo, haufiki hata urefu wa kidole chake cha kati. Mstari ulikuwa umepindapinda na kurukaruka, jinsi unavyokuwa mstari unapozungushwa kwenye mguu wa mtoto asiyetaka kutulia.

Akaitandaza juu ya kipande cha ngozi laini ya ndama.

"Wa pili uko wapi, mama?" akauliza. "Nahitaji na wa kulia."