Feni Iliyonyamaza

Rafiki yangu fundi kompyuta, tunayemwita Bisibisi, haogopi kitu isipokuwa shoti ya umeme. Siku moja meneja wa ofisi fulani alimwita mchana kweupe, akatengeneze kompyuta ya masjala iliyokuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha hata moja. Karani wa masjala, mama mtu mzima, akamvuta kando.

"Mwanangu, ipunguze tu kelele. Usiinyamazishe kabisa."

"Mama, kazi nusunusu mimi siiwezi," akacheka.

Akafungua pawa saplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta, akapuliza vumbi la miaka, akatoa feni iliyochakaa na kufunga mpya. Akawasha. Kimya. Kimya cha kusikia mate yakishuka kooni.

Ndani ya kimya kile, nyuma ya ukuta, chini karibu na sakafu, kitu kikawa kinakwaruza polepole, kama kucha kwenye saruji.

"Panya hao," Bisibisi akasema.

Karani alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. "Kwa ile kelele kilikuwa hakitusikii," akanong'ona. "Rudisha feni ya zamani, baba, nakuomba."

Lakini mkono una mazoea yake. Kila akimaliza kazi, Bisibisi hugonga kasha la kompyuta mara tatu kwa mpini wa bisibisi yake. Akagonga kabla hajajizuia: ko, ko, ko.

Mkwaruzo ukakoma.

Kisha ukuta ukajibu, ko, ko, ko, na safari hii ilikuwa usawa wa sikio lake.