Wimbo wa Kuoshea Kidonda

Kila asubuhi nyumbani kwetu ilikuwa vita. Saa mbili nachemsha maji. Saa mbili na nusu naingia chumbani na beseni, taulo na sabuni. Baada ya dakika tano niko nje tena, nimelowa kuanzia kifuani mpaka miguuni, na mume wangu bado mkavu.

Mume wangu alikuwa fundi rangi. Watu walimwita Brashi. Amepaka rangi shule, benki, hata kituo cha polisi. Miaka minne iliyopita alianza kupotea njia ya kurudi nyumbani. Kisha akaanza kusahau majina yetu. Hospitali walimpima, wakasema ana ugonjwa wa ubongo. Unakula kumbukumbu polepole. Hauna dawa ya kuuondoa, ila zipo za kumsaidia. Sawa, tukakubali. Kusahauliwa jina nilizoea. Maji ndiyo yalinishinda.

Alikuwa amejigonga muundi kwenye kitanda cha chuma. Kidonda kikaanza kutoa usaha. Daktari alisema kioshwe kila siku, kwa maji safi na sabuni.

"Kisipooshwa, Mama, tutamlaza," aliniambia. "Kikifika kwenye mfupa, mguu wenyewe utakuwa hatarini."

Lakini nikimgusa mguu tu, Brashi anapiga kelele kama nimemwibia. Beseni analipiga teke. Jumatano moja alinizaba kofi. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mtu huyu hajawahi kuninyooshea hata kidole. Nilikwenda jikoni nikalia, na sioni haya kusema.

Binti yetu, ambaye tunaishi naye, aliniona.

"Mama, nimesikia muziki unawasaidia wagonjwa wa namna hii," akasema.

Kesho yake alileta spika kubwa. Akaweka nyimbo anazozipenda yeye, zile za kurukaruka. Sebuleni televisheni inatangaza mpira. Mimi huku nasema, "Nyoosha mguu. Nyoosha mguu, nimesema." Brashi akaziba masikio. Akatetemeka mwili mzima. Kisha akaibeba ile spika, akaitupa nje kupitia dirisha.

"Muziki haufai," nikasema.

"Spika ndiyo haifai tena," akajibu binti yangu.

Ijumaa muuguzi wa zahanati alikuja kukagua kidonda. Ni mama wa makamo, mpole wa maneno, lakini hana mchezo na uchafu. Alifungua bandeji, akakisogelea kidonda akakitazama.

"Kimezidi, Mama. Nitarudi Jumatatu. Nikikikuta hivi, itabidi aende wodini."

Nilijua wodini kutakuwaje. Hapa nyumbani ananiogopa mimi peke yangu. Kule atawaogopa watu ishirini, na pengine watamfunga mikono ili wamtibu.  Nikamweleza muuguzi yote, kofi na spika pamoja.

"Nyimbo alichagua nani?" akauliza.

"Mimi," akasema binti yangu.

"Basi zilikuwa zako, si zake. Ugonjwa huu hauli vyote kwa mara moja. Mara nyingi nyimbo za ujana hubaki muda mrefu, hata majina ya watoto yakishaondoka. Lakini uwe wimbo alioupenda yeye mwenyewe. Na sauti iwe moja. Mpira, spika na maneno ya Mama, vyote kwa pamoja, kwake ni fujo tupu. Fujo inamtisha, naye anajitetea." Akanigeukia. "Mzee alipokuwa kijana alipenda wimbo gani?"

Nikachukua kitambaa, nikafuta meza. Meza ilikuwa safi.

"Sikumbuki," nikasema.

Binti yangu akanitazama. "Mama, wewe unakumbuka nguo ya kila mtu aliyekuja kwenye harusi yangu."

Basi nikasema ukweli. Kabla yangu, Brashi alikuwa na mchumba, fundi cherehani. Walikuwa na wimbo wao wa dansi, wa kumwomba mtu afungue dirisha. Waliucheza kila Jumamosi, mji mzima ulijua. Tulipokuwa na miezi mitatu ya ndoa, alikuwa akirudi kazini anakaa uani, anaosha brashi zake na kuuimba. Nikamwambia, "Wimbo huo ukiingia humu ndani, mimi natoka." Hakubishana. Tangu siku hiyo sikuusikia tena. Ulikuwa wivu? Ndiyo, ulikuwa wivu. Nilikuwa na miaka ishirini.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Muuguzi hakucheka.

"Na unaujua?" akauliza.

"Kila neno. Niliuchukia sana, mtu anasahau vipi?"

Binti yangu akautafuta kwenye simu. Hakuupata.

"Basi imba wewe, Mama," akasema muuguzi. "Tena ni vizuri zaidi. Simu haimwoni. Wewe unamwona. Akienda polepole, nawe unakwenda polepole. Akikunja uso au akihuzunika, unaacha. Anza kuimba kabla hujamgusa, mpe muda atulie. Halafu mwonyeshe kitambaa, mwambie unachotaka kufanya. Na msimshike kwa nguvu."

"Mimi niimbe wimbo wa yule mwanamke?"

"Mguu ni wa mumeo," akasema. "Uamuzi ni wako."

 Siku ile nilikasirika naye, nikakasirika na fundi cherehani, nikajikasirikia na mimi.

Jumamosi asubuhi tulizima televisheni. Tukafunga dirisha la upande wa barabara. Niliingia mikono mitupu, nikakaa mahali anaponiona. Nikaanza kwa sauti ya chini.

"Nifungulie dirisha, mvua yaninyea mie..."

Ubeti wa kwanza alitazama ukuta. Ubeti wa pili mkono wake wa kulia ukaanza kupanda na kushuka, kama anapaka rangi. Ubeti wa tatu akaimba. Mtu ambaye hawezi kumaliza sentensi ya kuomba chai aliimba mstari mzima, bila kukosea. Binti yangu, aliyesimama mlangoni na beseni, hakucheka tena.

"Sasa naosha mguu," nikamwambia, nikamwonyesha kitambaa. Maji yalipogusa kidonda, aliuvuta. Nikaacha, nikaendelea kuimba. Nikajaribu tena. Safari hii aliuacha. Ilituchukua dakika ishirini, na nilitoka mkavu.

Jumatatu muuguzi alikuta kidonda bado kibichi, lakini kisafi. Wodi ikaahirishwa. Alifurahi, ila alituonya.

"Wimbo hauponyi ubongo. Dawa zake msiache. Msiimbe kutwa, atachoka. Na msimpe mtihani, mara nani aliimba, mara ilikuwa mwaka gani. Kuna siku wimbo utagoma kufanya kazi. Siku hiyo pumzikeni, mjaribu tena baadaye."

Kweli, Jumanne wimbo uligoma. Tulimwacha akanywa chai. Saa nne tukajaribu tena, akakubali. Siku nyingine zilikwenda vizuri, nyingine nusu nusu. Kidonda kilikuwa kinajifunga kutoka pembeni, na wiki ya sita kilibaki kidogo kama kifungo cha shati. Kofi sikupigwa tena.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, naosha na kuimba. Brashi akaniinamia. Akanong'ona.

"Dada, punguza sauti. Mke wangu atasikia."

Nikaacha kuimba. "Akisikia kuna nini?"

"Wimbo huu haupendi."

"Na wewe unaupenda?"

"Sana," akasema. "Lakini nyumbani siimbi."

"Kwa nini usiimbe tu? Nyumba si yako?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma asiyejua mambo.

"Yeye nampenda zaidi," akasema.

Machozi yalinitoka. Sikuweza kuyafuta, mikono ilikuwa na sabuni. Miaka yote ile nilidhani alinyamaza kwa kuniogopa.

"Mke wako nimeonana naye," nikamwambia. "Amesema uimbe."

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe."

 Kisha akaninyooshea mguu, akaanza ubeti wa kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.